Maji Yasiyorudi

Fundi hakuanza na bomba, alianza na bidoni. Kwenye avenyu moja ya Likasi alibisha hodi nyumba ya kwanza, akaketi kwenye kigoda alichopewa, akauliza: "Mama, jana muliteka bidoni ngapi?" Kumi na nne, za lita 20. Wanaolala humo ni watu 7. Akaandika kwa penseli: lita 40 kwa mtu.

Hapo wengi hukimbilia kitabu. Vitabu vya uhandisi husema kama asilimia 80 ya maji yanayotumika hurudi kwenye bomba la maji machafu. Yeye aliichomeka penseli sikioni, akauliza tena. Maji ya kufua munamwaga wapi? Kwenye lengalenga, nyuma ya jiko. Ya kuosha vyombo? Uani, kulaza vumbi. Basi bombani huingia ya kuoga na ya choo. Nyumba 30 alizipita hivyo kwa siku 3, bila kumkatiza mtu maneno, hata yalipogeuka kuwa habari za wakwe. Mwishowe akaandika asilimia 60.

Hesabu ilimaliza nusu ukurasa tu. Mtaa una watu 2,000, lita 40 kila mmoja: lita 80,000 kwa siku. Asilimia 60 yake ni 48,000. Ukizigawa kwa sekunde 86,400 za siku, unapata nusu lita na kidogo kwa sekunde. Lakini mtaa hauogi kwa zamu usiku kucha. Saa kumi na mbili alfajiri kila mtu anataka maji. Akaichukua kanuni ya Harmon, aliyechunguza maji machafu ya Toledo, Marekani, mwaka 1918: watu wakiwa wachache, kilele hupanda juu zaidi ya wastani. Kwa watu 2,000 ni karibu mara 3.6. Ile nusu lita ikawa lita 2.

Kisha ndoo. Saa tisa usiku, katika baridi ya Julai, alichutama kwenye mdomo wa bomba, upande maji yanakoshukia mto Panda, na mbele zaidi Ziwa Tshangalele, lililotokea bwawa la Mwadingusha lilipoizuia Lufira mwaka 1930. Ndoo ya lita 10 ilijaa kwa sekunde 50. Akapima tena: 49. Tena: 51. Mtaa umelala, maji yanatiririka. Ni ya ardhini, yanapenya kwenye viungo vya bomba, au ni robine isiyofungwa vizuri. Akayapa safu yake peke yake.

Kulipokucha ndoo ilijaa kwa sekunde 6. Ukiondoa yale ya usiku, inabaki kama lita moja na nusu kwa sekunde. Nilidhani atafuta ile 2. Badala yake alimwuliza kijana aliyekuwa akipita kama jana maji yalitoka. Hayakutoka. Akaandika pembeni, kwa herufi ndogo, "robine kavu", akasuuza ndoo, akaniambia tukutane Alhamisi, saa tisa usiku.