Sauti ya Mama, Kimya cha Binti: Malezi katika Utendi wa Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona husomwa madarasani kwetu kwa njia mbili. Wapo wanaousoma kama hazina ya maadili, wakausifu kwa kumfunza msichana dini, adabu na usafi. Wapo pia wanaousoma kama ushahidi wa mfumo dume, wakaulaumu kwa kumfunza mke kumtii mume katika kila jambo. Pande hizi mbili zinabishana, lakini zote zinauliza swali moja: mama alimfundisha nini bintiye? Katika insha hii nauliza swali lililo jirani na hilo: alimfundisha vipi? Nitaonyesha kwamba utendi huu ni mfano mzuri wa malezi ya upole, na kwamba papo hapo unatuonya kuwa upole peke yake hautoshi. Mtoto anaweza kulelewa bila kupigwa kofi hata moja na bado asipewe nafasi ya kujibu.

Kwanza tukumbuke mazingira ya utungo wenyewe. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, ambaye alipambana na majeshi ya Sultani Seyyid Said wa Zanzibar. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, 1858, mjane wake akiwa mgonjwa alitunga beti 102 za wasia kwa binti yake, Mwana Hashima, ambaye alikuwa bado kijana. Huyu basi ni mama aliyeishi katika nyumba ya vita, aliyefiwa na mume, na ambaye mwili wake ulimwambia kwamba muda haupo. Mtu wa namna hiyo angeweza kuamrisha na kutisha. Angalieni alivyoanza.

Anamwita binti asogee karibu. Anamwambia aje na wino na karatasi. Anamweleza wazi kwamba anaumwa na kwamba ana maneno moyoni ambayo hajapata nafasi ya kuyasema. Kisha, kabla ya kumpa agizo lolote zito, anamwahidi mapambo: hirizi, mkufu wa lulu na marijani. Mawaidha yenyewe yanaletwa kwa mfano wa zawadi ya kuvaliwa shingoni. Baadaye, anapofika kwenye suala la ndoa, hasemi tu "fanya hivi". Anasimulia maisha yake na baba wa mtoto, jinsi walivyoishi bila kuvunjiana heshima, na jinsi mume alivyomwachia radhi alipokaribia kufa. Kwa maneno mengine, anamkumbusha binti mambo ambayo huenda aliyaona mwenyewe nyumbani. Hapa naona misingi miwili ya malezi ya amani: ukaribu na maelezo. Mama hafichi udhaifu wake, na anatoa sababu.

Misingi hii ina uzito wa pekee kwetu Uganda. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunajua sifa ambayo lugha hii ilipewa na wazazi wetu. Kwa miaka mingi ilikuwa lugha ya askari, lugha ya amri, na wengi walioishi katika utawala wa Idi Amin hawakuisikia ikimbembeleza mtu. Hata neno kiboko, yaani mjeledi uliotengenezwa kwa ngozi ya mnyama yule wa majini, tunalo katika Luganda: kibooko. Kwa hiyo nilipousoma utendi huu katika mwaka wa pili, jambo la kwanza lililonigusa halikuwa dini wala ndoa. Nilishangaa kusikia Kiswahili kikimwita mtoto asogee karibu bila mtoto huyo kuogopa.

Nalo suala la kiboko si hadithi ya zamani. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliotolewa na serikali yetu mwaka 2018, ulionyesha kwamba kati ya vijana wa miaka 18 hadi 24, takribani wasichana sita katika kila kumi na wavulana saba katika kila kumi walikuwa wamepata ukatili wa kimwili utotoni. Sheria ya Watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza adhabu ya viboko shuleni. Hata hivyo, tukiandika insha kuhusu malezi, wengi wetu bado tunakimbilia methali "Samaki mkunje angali mbichi" kana kwamba ni kibali cha kuchapa. Mtu aliyewahi kuona kambare akiandaliwa kando ya ziwa Nalubaale anajua kazi hiyo inavyofanywa. Samaki hukunjwa taratibu, mkia ukaletwa mdomoni, ndipo akawekwa juu ya moshi. Akipigwa, nyama inapondeka na mchuuzi anapata hasara. Methali inazungumzia wakati unaofaa na mkono mwororo. Fimbo tumeiongeza wenyewe.

Mpaka hapa mtu angedhani namtetea Mwana Kupona moja kwa moja. Sivyo. Tutazame yaliyomo ndani ya sauti hiyo tamu. Binti anafunzwa asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Anafunzwa kwamba radhi anazohitaji ili aokoke ni za Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Anafunzwa kuomba ruhusa kabla ya kutoka nyumbani, na kumhudumia mume hata usingizini. Nasi Waganda tuna mafunzo yanayofanana na haya. Kwetu si mama anayemfunda msichana mambo ya ndoa, ni ssenga, yaani shangazi, dada wa baba. Ssenga naye anaweza kuwa mpole sana, mcheshi hata, na bado akamfunza msichana kwamba mke mwema ni yule asiyejibu. Ukali ukiondolewa, utii usiohojiwa unaweza kubaki palepale, tena ukaingia kwa urahisi zaidi, maana ni vigumu kumpinga mtu anayekupenda.

Jambo hili linaonekana vizuri zaidi katika tamathali moja ya utendi. Mama anamshauri binti amtunze mume kama mtoto mchanga ambaye bado hajui kusema. Wahakiki wengi huitaja tamathali hii wanapojadili nafasi ya mume. Mimi inanifikirisha kuhusu mtoto. Katika beti zote 102, ni nani hasa asiyesema? Mume aliyelala ataamka na kuamuru. Mtoto mchanga atakua. Mwana Hashima ndiye anayebaki bila neno lolote. Haulizi, hakubali, hakatai, wala hatujui kama alilia. Tunajua mama alitaka nini kwake, lakini yeye alitaka nini hatujui.

Najua nitajibiwa kwamba huu ni wasia, na wasia kwa kawaida huwa na sauti moja. Shaaban Robert naye, katika Utenzi wa Hati aliomwandikia binti yake na Utenzi wa Adili aliomwandikia mwanawe wa kiume, anasema mzazi na mtoto anasikiliza. Hoja hiyo ni ya kweli. Haitakuwa haki kumdai mama aliye kitandani atunge mazungumzo ili kuturidhisha sisi wa leo. Lakini utanzu unaeleza tu chanzo cha kimya hicho. Hauwezi kuwa kisingizio chetu sisi tunaouchukua utungo huu na kuupeleka darasani kama kielelezo cha malezi.

Nasema hivi kwa sababu najua kimya hicho kinamfanya nini mtu. Katika nyumba niliyokulia, kumuuliza mkubwa "kwa nini?" kulitosha kukufanya utumwe nje ukakate mwenyewe kijiti cha mkahawa. Baadaye mama aliachana na vijiti. Alianza kutuita jikoni tukae naye akimenya matoke, akatueleza mambo kwa sauti ya chini. Ilikuwa nafuu kubwa, na bado namshukuru. Lakini hata jikoni tulisikiliza tu. Nilipofika chuo kikuu nilikuwa na adabu, nilikuwa na alama nzuri, na katika semina ya kwanza mhadhiri aliponiuliza, "Wewe unaonaje?", sikuwa na jibu. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Imenichukua karibu miaka miwili kujifunza kwamba kumpinga mtu kwa hoja si kumkosea heshima. Kukua kwangu kote hapa chuoni naweza kukupima kwa jambo hilo moja. Likizo iliyopita, mdogo wangu wa miaka kumi na minne alimuuliza mama kwa nini yeye aoshe vyombo na kaka yake asioshe. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hebu sema, wewe ungetaka iweje?" Kwangu mimi huo ndio msingi wa tatu ambao utendi hauna: kusikiliza.

Hata hivyo, utendi wenyewe umeacha mlango wazi. Mama alimwambia binti aje na wino na karatasi, kisha aandike bismillahi. Msichana wa Siyu mwaka 1858 aliitwa akiwa na kalamu mkononi, na mama alijua kwamba bintiye anaweza kuitumia. Aliyefundishwa kuandika maneno ya mwingine ameshapewa chombo cha kuandika yake. Sijui utungo mwingine tunaousoma ambao unampa mtoto silaha hiyo kwa upole namna hii.

Mwakani wengi wetu tutakwenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima, kwa hiyo tutakutana na watoto wengi ambao hawakukichagua. Tukiingia na kiboko, tutathibitisha waliyoyasikia kwa babu zao. Tukiingia na upole tu, watakariri na kunyamaza. Pendekezo langu ni dogo. Tukishasoma nao wasia wa Mwana Kupona, tuwape wino na karatasi, na tuwaombe watunge beti tano ambazo Mwana Hashima angemjibu mama yake. Wengine watamshukuru, wengine watamuuliza kuhusu watumwa, wengine watakataa kuomba ruhusa. Kazi yetu itakuwa kusahihisha vina na mizani, na kuwaachia jibu lao.