Kisangani katika Historia ya Muziki wa Kongo: Hoja kutoka Mangobo

Tamasha la FESPAM, lililoanza Brazzaville mwaka 1996, huambatana na kongamano la wataalamu wa muziki. Mtafiti atokaye Mangobo, mojawapo ya komini za Kisangani, ahudhuriapo mikutano ya namna hii hulazimika kujiuliza kwa nini mji wake hutajwa hasa kama mahali pa kuzaliwa. Abeti Masikini alizaliwa huko mwaka 1954, na Koffi Olomidé mwaka 1956; lakini masimulizi hushika kasi wakishahama.

Chanzo chake ni aina ya ushahidi unaotegemewa. Historia hiyo imejengwa juu ya santuri, na studio mashuhuri, kama Ngoma iliyoanzishwa mwaka 1948, zilikuwa Léopoldville. Pasipo santuri, hudhaniwa hapakuwa na muziki. Dhana hiyo ni potofu. Kama Hugh Tracey asingemrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville mwaka 1952, pengine gita lake na nyimbo zake za Kiswahili visingejulikana nje ya Katanga.

Kisangani ndipo Kilingala na Kiswahili vikutanapo. Kuuacha mji huo kando ni kuliacha swali linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili: mwimbaji wa lugha mbili huchagua ipi, na kwa nini? Sehemu kubwa ya jibu imo katika kumbukumbu za wazee, nyimbo za arusi na kwaya. Hizo hazina budi kurekodiwa kabla wenyewe hawajatoweka. Mkono mtupu haulambwi. Anayehudhuria kongamano bila kanda wala maandishi atasikiliza historia ya wengine.