Santuri Isiyo na Chemko: Tunavyoisikia National Wake Hapa Kensington

Kwanza tuliondoe njiani jambo la kuchekesha. Mswahili anayelisoma jina National Wake kwenye jalada kwa mara ya kwanza huuliza: wake wa nani? Taifa limeoa wangapi? Hapa Kensington, mashariki ya jiji la Johannesburg, swali hilo nimeulizwa na zaidi ya mtu mmoja. Kwa Kiingereza neno hilo lina maana mbili zinazovutana. Moja ni kuamka, na nyingine ni kukesha matangani. Bendi iliyojiita hivyo ilizitaka zote mbili, na anayeisikiliza albamu yao akiwa na maana moja tu kichwani ataisikia nusu.

Kwa wasioifahamu, habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Bendi iliundwa Johannesburg mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati vijana wa Soweto walikuwa bado na majeraha ya Juni 1976. Ivan Kadey, Mzungu, alipiga gitaa na kuimba. Ndugu wawili Waafrika, Gary na Punka Khoza, walishika gitaa la besi na drams. Baadaye akaingia Steve Moni na gitaa lake. Walikaa nyumba moja mtaa wa Parktown, Weusi na Weupe pamoja, jambo ambalo Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950 ilikataza, na polisi hawakuwaacha wapumue. Mwaka 1981 walitoa albamu yao ya kwanza, nayo ikawa ya mwisho. Inatajwa kwamba ziliuzwa nakala kama 700 tu kabla haijaondolewa sokoni kwa shinikizo la serikali. Bendi ikavunjika. Kadey akahamia Marekani. Filamu ya Punk in Africa ya mwaka 2012 ikawakumbusha watu kwamba bendi hiyo iliwahi kuwapo, na mwaka 2013 kampuni ya Light in the Attic ya Marekani ikatoa mkusanyiko wa nyimbo zao, Walk in Africa 1979-81. Wakati huo Gary na Punka walikwisha kufariki.

Tangu hapo sifa zimemiminika kutoka kila upande, na nyingi zinaimba wimbo mmoja: ujasiri. Walithubutu kupiga pamoja. Walithubutu kulala nyumba moja. Ni kweli tupu, wala hakuna mwenye akili atakayewapunguzia heshima hiyo. Lakini ujasiri ni sifa ya mtu. Wimbo una sifa zake na kasoro zake, na ukimsifu mwimbaji kwa maisha yake tu, wimbo hujaugusa. Wengi wanaoitukuza albamu hii wameshaipenda kabla sindano haijagusa santuri.

Kwa sababu hiyo nilifanya jaribio. Waswahili si haba mitaa hii ya mashariki, kutoka hapa kwetu mpaka Yeoville: Wakongo wa Kivu na Katanga, Watanzania, Wakenya wawili watatu. Kwa nyakati mbalimbali nimewapigia baadhi yao albamu hii bila kuwasimulia lolote juu ya bendi. Sikuwaambia rangi zao wala mwaka wala marufuku. Nilitaka wasikie muziki kwanza.

Wengi hawakuupenda. Kijana mmoja wa Bukavu, mpiga gitaa wa kanisani, alivumilia nyimbo tatu akingoja sebene. Haikuja. Akasema, "Hawa wanabisha hodi tu, ndani hawaingii." Mzee mmoja wa Morogoro, ambaye ujanani aliwasikia wanafunzi wa ANC wakiimba pale Mazimbu, kwenye Chuo cha Solomon Mahlangu, alikataa katakata kwamba huu ni muziki wa mapambano. Nyimbo za ukombozi anazozijua yeye zina sauti nne zinazopandana, zinampa mtu nguvu ya kutembea. Hii, akasema, inamnyong'onyeza. Dada mmoja Mkenya alitoa neno moja: baridi.

Aliyenishtua ni mama mmoja Mkongo anayeuza nguo kando ya barabara. Alisikiliza kimya huku akikunja bidhaa zake. Ulipokwisha wimbo wa International News akasema, "Huyu anaimba huku anasikiliza kama kuna gari limesimama nje."

Hakujua habari ya Parktown. Hakujua kwamba polisi walikuwa wakiijia nyumba ile. Alisikia tu, kwa sikio la mtu ambaye naye amewahi kukusanya bidhaa zake mbio. Katika yote niliyoyasoma juu ya albamu hii, sijaona uhakiki unaokaribia sentensi hiyo.

Basi tuyachukue malalamiko ya wasikilizaji wetu kwa uzito wake, maana nadhani wanaolalamika wamesikia vizuri kuliko wanaosifu. Kweli hakuna sebene. Sisi wa Tanzania tungesema hakuna chemko. Mwaka huohuo wa 1981, pale Dar es Salaam, Mlimani Park Orchestra walikuwa wakipiga nyimbo ndefu zenye vyumba viwili: cha kwanza cha kusimulia, taratibu, sauti zikipokezana, halafu magitaa yanabadilika, tarumbeta zinaitika, chemko linaanza na ukumbi mzima unasimama. Utunzi wa namna hiyo unategemea jambo ambalo hatulifikirii kamwe: kwamba usiku ni mrefu, na hakuna atakayekuja kuzima taa. Mtunzi anaweza kuuweka utamu mwishoni kwa sababu ana hakika mwisho utafika.

National Wake hawakuwa na hakika hiyo. Hadhira iliyochanganyika rangi ilikuwa tayari ni kesi. Mwafrika kuonekana usiku katika mtaa wa Wazungu bila karatasi ilikuwa kesi nyingine. Muziki unaoweza kukatizwa wakati wowote hauweki akiba. Sikiliza International News, wimbo unaozungumzia habari ambazo serikali ilizifunika, za vita na za mitaa ya Waafrika. Gitaa linakwaruza palepale, drams zinasukuma, kila kitu kinasemwa mwanzoni. Hiyo baridi aliyoisikia dada yetu, na huko kubisha hodi bila kuingia, ndiyo maudhui yenyewe. Na mzee wetu wa Morogoro asinielewe vibaya: kwaya za Mazimbu zilikuwa za watu waliokwisha kuvuka mpaka, wanaoimba kwa sauti kubwa chini ya anga la marafiki. Hawa walibaki ndani.

Wengine watasema huzuni hiyo ni ya kuazima. Miaka ileile Uingereza ilikuwa na kizazi kizima cha bendi zilizokuja baada ya panki, zenye besi nzito na sauti za kiza. Joy Division wa Manchester walitoa albamu yao ya kwanza, Unknown Pleasures, mwaka 1979. Ni kweli vijana wa Johannesburg walizisikia santuri za Uingereza. Lakini kiza cha Manchester kinakaa ndani ya kifua cha mtu mmoja. Cha National Wake kiko barabarani, kinawahusu wote waliomo chumbani. Tena ndani yake kuna rege na fanki, na hapo ndipo Gary Khoza anapostahili sifa yake kama mwanamuziki. Gitaa linapokimbia, besi yake mara nyingi haikimbii. Inaacha nafasi, inasubiri, inarudi. Asiyeipenda albamu hii namshauri aisikilize tena akifuata besi peke yake.

Kasoro zipo, na kuzificha ni kuwadharau. Mswahili aliyelelewa na mafumbo atachoka mapema na baadhi ya maneno yao. Pale ambapo fumbo moja lingetosha wanapiga kelele kama wako jukwaani kwenye mkutano wa hadhara. Sauti inapaaza mahali pa kusimulia. Kuimba kwa Kiingereza, kama walivyofanya kwa sehemu kubwa, kuliwafikisha kwa wanafunzi wa vyuo kuliko kwa mama wa Soweto ambaye habari zile zilikuwa zake. Nyimbo zinazobaki nami ni zile zinazokwenda polepole kidogo, kama Wake of the Nation, ambamo msikilizaji anaachiwa aamue mwenyewe kama anaamshwa au anaitwa msibani.

Kwa nini niwachoshe na santuri ya 1981 ya watu wasio Waswahili? Kwa sababu mbili. Kwanza, Kensington hii tunayopanga vyumba leo ilikuwa mtaa wa Wazungu. Mwaka ilipotoka albamu ile, mtu kama mimi angelala hapa kihalali katika chumba cha nyuma tu, akiwa mtumishi mwenye kibali. Sheria ile ilifutwa mwaka 1991. Lakini Mei 2008 watu 62 waliuawa katika mashambulizi dhidi ya wageni yaliyoanzia Alexandra, na wengi wetu tukajifunza upya kusikiliza magari usiku. Sisemi mambo haya mawili ni sawa, hapana. Nasema tu kwamba mama yule hakuisikia albamu kama kumbukumbu ya kale.

Pili, na hili linatugusa popote tulipo, iwe Jozi, London au Minneapolis. Msanii wetu ugenini akipanda jukwaani, kwanza huombwa asimulie alivyokimbia na alichopoteza. Akimaliza, wanampigia makofi, na wimbo wake unakuwa kitindamlo. Anasifiwa sana, ila hakuna anayemwambia kwamba ubeti wa tatu umelegea au kwamba besi yake ni ya ajabu. National Wake walinyimwa wasikilizaji mwaka 1981 na watu waliowachukia. Tusiwanyime mara ya pili kwa kuwapenda upesi. Mpigie rafiki albamu hii usiku mmoja, usimwambie chochote, kisha mwache alalamike mpaka amalize.