Mchagua Jembe si Mkulima

Shaaban Robert alikuwa karani. Mwaka 1926, akiwa bado kijana mdogo, aliajiriwa katika idara ya forodha ya serikali ya kikoloni Tanganyika, na utumishi wa ofisini ukachukua sehemu kubwa ya umri wake. Tenzi, riwaya, insha na wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad vilitoka kwa mtu aliyekuwa na meza ya serikali ya kuhudumia na familia ya kulisha. Muda wa kuandika hakupewa na mtu, aliutafuta mwenyewe.

Humkumbuka kila ninapokutana na kijana mwenye riwaya kichwani anayesubiri likizo, kompyuta nzuri au chumba chenye utulivu. Wahenga walikwisha kumwambia: mchagua jembe si mkulima.

Abdilatif Abdalla hakuwa na jembe la kuchagua. Alifungwa nchini Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa. Gerezani alitunga mashairi akayaandika kwenye karatasi za chooni, yakatolewa nje kwa siri, na mwaka 1973 yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Aliyenyimwa hata karatasi hakuacha vina wala mizani. Naiheshimu sana fani inayoweza kumshika mtu namna hiyo.

Anayeahirisha kuandika huitwa mvivu, lakini wengi ninaowajua ni wachapakazi katika kila jambo jingine. Kinachowazuia ni hofu. Wamesoma vitabu vizuri, wanajua sentensi iliyokomaa inavyosikika, na sentensi yao ya kwanza haifanani nayo. Basi hufuta, hufunga daftari, husema wataanza kesho. Wanasahau kwamba kitabu walichokipenda walikisoma baada ya mwandishi kukifuta na kukiandika upya, tena na tena, na baada ya mhariri kukipitia. Rasimu hawakuonyeshwa.

Hapo ndipo ulipo uzuri wa kazi hii: inaruhusu kukosea faraghani. Siku ya kuandika, andika. Siku ya kusahihisha, sahihisha. Anayetaka kufanya yote mawili kwa mkupuo mmoja hukwama kwenye aya ya kwanza. Ernest Hemingway alikuwa na desturi ya kuacha kazi ya siku wakati bado anajua kitakachofuata, ili asubuhi apate pa kuanzia. Ni desturi inayomfaa hata mwenye nusu saa tu kabla ya kwenda kazini.

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 53. Riwaya yake Kufikirika ikachapishwa mwaka 1967, na Utubora Mkulima mwaka 1968. Yeye hakuviona vitabu hivyo vikiuzwa, ila sisi tumevisoma kwa sababu miswada ilikuwapo. Hakuna mchapishaji anayeweza kuchapa hadithi iliyobaki kichwani mwa marehemu.

Ndugu yangu unayetamani kuandika, usiku huu kabla hujalala andika aya moja ya hadithi yako, hata kama ni mbovu, kisha andika tarehe chini yake. Kesho usiihukumu. Iendeleze.