Kosa la nani? Sentensi ya kompyuta inapomhukumu asiyekosa

Juma hili naichambua sentensi moja tu, yenye maneno sita: "Kosa la kuanzisha muunganisho wa hifadhidata." Nilikutana nayo mjini Lodwar, katika saiba ndogo nilikokwenda kuchapisha karatasi za utahini. Kwenye kompyuta ya jirani aliketi kijana kutoka Lokiriama, kule mpakani na Uganda ambako Waturkana na Wamatheniko walifukia silaha walipofanya amani mwaka 1973. Alikuwa amepanda lori hadi Lorugum, akalala, kisha akapata gari la Lodwar. Alikuja kujaza fomu ya basari kwenye tovuti ya ofisi fulani. Ilikuwa Alhamisi. Mwisho wa kutuma maombi ulikuwa Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Alijaza jina la mama, nambari ya kitambulisho, jina la shule, karo anayodaiwa. Akabonyeza "Tuma". Fomu ikatoweka, ukabaki ukurasa mweupe wenye yale maneno sita. Aliyasoma kwa sauti, akayarudia, kisha akanigeukia: "Mzee, kosa langu ni gani hapa?"

Nikamwambia hana kosa. Akanyoosha kidole kwenye kioo: "Lakini wameandika kosa. La kuanzisha." Alikuwa amekwisha kujipa maelezo: hakuruhusiwa kulianzisha ombi yeye mwenyewe, alipaswa kupitia kwa chifu kwanza. Nikiwa bado natafuta namna ya kumweleza, alilipa shilingi zake, akachukua mfuko wake, akatoka kulitafuta gari la kurudi.

Tusimcheke. Kisarufi, kijana yule aliisoma sentensi ile sawasawa, na aliyeiandika ndiye aliyeteleza. Katika Kiswahili, "kosa la" likifuatwa na kitenzi-jina, tendo lenyewe ndilo linalotajwa kuwa kosa. Tunasema kosa la kuiba, kosa la kuendesha gari bila leseni, kosa la kumtusi mwalimu. Polisi na mahakimu wetu wameizoesha masikio yetu miundo hii miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo "kosa la kuanzisha muunganisho" ni kosa la mtu aliyeanzisha muunganisho. Sentensi inadai kwamba muunganisho ulianzishwa, na kwamba kuuanzisha ni hatia. Ukweli ulikuwa kinyume chake kabisa: programu ilijaribu kuunganisha, ikashindwa. Neno la kukanusha, ambalo ndilo habari yote, halimo.

Najua lilikopotelea. Kiingereza kinaweza kulundika nomino tupu na msomaji wake akaelewa kwamba jambo halikufaulu. Mfasiri wetu akazihamisha nomino zile moja moja, akazifunga kwa "la" na "wa" kama mtu anayefunga mzigo kwa kamba, akaona amemaliza. Hata "kuanzisha" limetoka huko. Kwetu sisi huanzishwa shule, kampuni, vita au uvumi. Simu haianzishiwi muunganisho. Simu hushika au haishiki.

Lipo pia suala la "kosa" na "hitilafu". Kosa lina mkosaji. Hitilafu haimdai mtu: umeme hupata hitilafu, gari hupata hitilafu, nasi hatuulizi nani ashtakiwe. Lakini neno hitilafu lina utajiri mwingine ambao vijana wetu wanausahau. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni tofauti, kutokubaliana. Wazee wa pwani bado husema watu wawili wana hitilafu, yaani hawapatani. Maana hiyo ya kale, nitaonyesha punde, ndiyo iliyoifaa hasa shida ya kijana wa Lokiriama.

Mhudumu wa saiba alikuwa kijana aliyekulia kambini Kakuma, wazazi wake wakiwa wametoka Bukavu. Aliutazama ukurasa ule, akasema neno moja la Kiswahili cha kwao: "Inakatala." Nikamuuliza, nani anayekataa? Akanieleza kwa utulivu ambao ningependa kuuona kwa baadhi ya wanafunzi wangu wa uzamili. Fomu ilifunguka, kwa hiyo intaneti ya saiba ni nzima, na seva ya tovuti iko hai. Ukibonyeza "Tuma", programu iliyo ndani ya seva ile, aghalabu ya PHP, huchukua vitu vinne kutoka kwenye faili la mipangilio: anwani ya seva ya hifadhidata, jina la mtumiaji, nenosiri na jina la hifadhidata yenyewe. Kisha huenda kubisha hodi. "Sasa pale mlangoni, Mzee, kunaweza kutokea mambo mengi." Akayataja kwa vitenzi vyake: imekufa, inakatala, haina kile unachotaka, imejaa.

Nilivinakili vitenzi hivyo nyuma ya karatasi ya utahini, kwa sababu ni uainishaji bora kuliko tafsiri rasmi nyingi nilizozipitia. MySQL, hifadhidata inayotumiwa na tovuti nyingi za PHP, huyatofautisha mambo hayo kwa nambari. 2002: programu haikuifikia seva, labda imezimwa, labda anwani imekosewa, labda hakuna anayesikiliza kwenye mlango wa 3306. 1045: seva ipo, imeitikia hodi, ila haikubali jina au nenosiri ulilotoa. 1049: umekubaliwa kuingia, lakini hifadhidata uliyoitaja haimo. 1040: imejaa, kwa kuwa kima cha kawaida ni miunganisho 151 kwa wakati mmoja, na fomu ya basari siku ya mwisho inaweza kukifikia upesi. Kila nambari ina dawa yake. Mwenye 2002 aiwashe seva au asahihishe anwani. Mwenye 1045 alinganishe nenosiri. Mwenye 1049 asome tena tahajia. Mwenye 1040 atafute miunganisho iliyoachwa wazi bila kazi. Atakayeanza kwa kuwasha na kuzima kila kitu atapoteza asubuhi nzima.

Tafsiri zetu hufanya nini? Huzimeza nambari zote nne katika "kosa la kuanzisha muunganisho". Na zinapojaribu kutofautisha, huandika "muunganisho umekataliwa" kwa hali ya kwanza na "ufikiaji umekataliwa" kwa ya pili, kana kwamba ni mamoja. Si mamoja. Kubisha kwenye nyumba isiyo na mtu si sawa na kubisha bawabu akatoka, akakuuliza jina, akakurudisha. Kwa hali ya kwanza Kiswahili kina "hakuna anayeitika". Kwa ya pili kina "amekataa kukufungulia". Vitenzi hivi tunavitumia kila siku majumbani mwetu. (Nimewahi kuona pia "bandari 3306". Huyo bila shaka alifungua kamusi akachukua maana ya kwanza. Anayetafuta bandari Lodwar ana safari ndefu.)

Mhudumu alimpigia simu fundi wa mfumo wa ofisi ile, akaweka spika. Swali la kwanza la fundi lilikuwa, "Inasema nini?" Akasomewa maneno sita. Kimya. Kisha fundi akasema, "Hayo hayanisaidii, ngoja niangalie logi." Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa jambo hili. Sentensi ile ilikuwa imemfukuza mwombaji, na kwa fundi pia ilikuwa bure. Baada ya dakika kumi hivi alirudi: 1045. Usiku wa Jumatano walibadilisha nenosiri la hifadhidata kwa ajili ya usalama, wakasahihisha programu mbili, wakaisahau ya tatu, yaani fomu ya basari. Programu ilishika nenosiri la zamani, hifadhidata ikashika jipya. Hazikupatana. Hiyo ni hitilafu kwa maana yake ya kale kabisa.

Fundi alijitetea, na katika nukta moja nampa haki yake. Alisema walikuwa na ujumbe mrefu zaidi zamani, ukawa unamwonyesha kila mpita njia jina la mtumiaji wa hifadhidata na mahali faili lilipo. Wakauficha. Ni sawa. Mwizi hapaswi kuelekezwa dirisha lililo wazi. Habari za fundi zikae kwenye logi ya fundi, pamoja na nambari na saa. Lakini kuficha siri si sababu ya kumpa mwananchi sentensi isiyo na habari. Mwombaji ana maswali matatu tu: je, nimekosea? Je, niliyoyajaza yamehifadhiwa? Nifanye nini? Neno hifadhidata, au kanzidata kama wapendavyo wenzetu wa Tanzania, halijibu hata moja. Mimi napendelea hifadhidata kwa sababu kitenzi chake kinaonekana, ilhali kanzi, yaani hazina, inamhitaji msomaji aliyepitia vitabu. Ila mjadala huo tuuweke kwa mafundi na wanafunzi wao. Ukurasa wa basari hauuhitaji.

Mfano mwema tunao mfukoni. Ile sauti ya simu inayotuambia kwamba mteja hapatikani kwa sasa imeeleweka Lokiriama, Kakuma na Nairobi bila semina. Haina nomino zilizolundikana. Ina kitenzi, kikanushi na wakati. Tazama jinsi kikanushi kinavyobeba habari: haikupatikana, tulijaribu tukashindwa, haijapatikana, bado tunajaribu, subiri, haipatikani kwa sasa, nenda, urudi. Waandishi wa programu wanaitupa tofauti hii, kisha wanalalamika kwamba Kiswahili hakitoshi. Na makarani nao wana yao: "sistimu iko chini". Nayo ni Kiingereza kilichovalishwa kanga, lakini angalau haimlaumu mtu, na ndiyo maana watu wameipokea.

Siku ile ile nilimjaribu kijana wa Lokiriama kwa nambari aliyoiacha saiba. Hapatikani kwa sasa. Alipatikana Ijumaa asubuhi, akiwa Lorugum, na mhudumu akamjazia fomu kwa simu, herufi kwa herufi. Ilitumwa saa kumi kasoro.

Fundi aliniomba nimwandikie sentensi mbadala. Nilifanya kama maprofesa wafanyavyo; nikamletea aya nzima: "Samahani. Mfumo wetu umepata hitilafu na ombi lako halikupokelewa. Hukukosea popote. Tafadhali jaribu tena baadaye au wasiliana na ofisi iliyo karibu nawe." Juma lililofuata niliufungua ukurasa nikaona alichokiweka: "Ombi lako halijapokelewa. Si kosa lako, mfumo una hitilafu. Rudi saa nane mchana." Alikuwa ameifuta "tafadhali" yangu, na "baadaye" ameigeuza kuwa saa. Anayetoka Lokiriama kwa lori hawezi kurudi baadaye. Anaweza kurudi saa nane. Nilichompinga ni "halijapokelewa" tu, kwa sababu ombi lile halikuwa njiani, lilipotea, na mtu angeweza kukaa akilisubiri. Nilimpigia simu, naye akakubali "halikupokelewa".