Rangi za Kebo za Mtandao wa Nyumbani

Kebo ya mtandao ina rangi mahali pawili. Ganda lake la nje huweza kuwa jekundu, jeupe, la buluu, la kijani au la rangi nyingine yoyote aipendayo mwenye nyumba. Ndani ya ganda hilo zimelala nyaya nane nyembamba za shaba, na rangi za nyaya hizo hazichaguliwi na mtu. Za ndani ni sheria, ya nje ni hiari. Ufundi wa kuchagua kebo kwa rangi umo katika hiyo hiari, ila hakuna aliyewahi kuitumia vizuri bila kuijua kwanza sheria.

Nyaya nane hizo zimesokotwa mbili mbili. Katika kila jozi waya mmoja una rangi kamili na mwenzake ni mweupe wenye mstari wa rangi ileile: buluu, chungwa, kijani na kahawia. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi, yaani -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine nyingi hutajwa kwa vitu vyenye rangi hiyo. Kijani ni jani, kahawia ni kahawa, chungwa ni tunda lenyewe. Kwa hiyo fundi anayehesabu nyaya kwa sauti, kidole kimoja kimoja, huwa anataja mazao ya shamba, na labda ndiyo sababu mwanafunzi wa kazi hii huushika mfuatano wake upesi.

Rangi nne hizi hazikuanzia kwenye kompyuta. Ni urithi wa simu. Mafundi wa simu wa Marekani walitambua jozi katika kebo nene, zenye jozi 25 na zaidi, kwa mfuatano wa rangi tano: buluu, chungwa, kijani, kahawia na kijivu. Kebo ya mtandao ilipochukua jozi nne tu, kijivu kilibaki nje. Kusokota nako kulitoka hukohuko. Alexander Graham Bell alipata hataza ya jozi ya nyaya zilizosokotwa mwaka 1881. Nyaya mbili zikilala sambamba bila kusokotwa, kelele ya umeme kutoka waya wa jirani huufikia mmoja zaidi kuliko mwenzake. Zikisokotwa, kila mmoja hupata sehemu yake sawa, na kifaa kinachopokea, kwa kuwa husoma tofauti iliyopo kati ya nyaya hizo mbili, huifuta sehemu kubwa ya kelele hiyo. Tena kila jozi ina msokoto wa kasi yake, ili jozi za ndani ya ganda moja zisiingiliane. Mwanamke anayesokota kamba ya makumbi anajua kwamba nguvu ya kamba iko kwenye msokoto. Kwenye kebo, msokoto ndio ulinzi wa ujumbe.

Mpangilio wa nyaya ndani ya kichwa cha RJ45, yaani plagi ya mwishoni mwa kebo, una namna mbili zinazokubalika, T568A na T568B. Tofauti yake ni moja tu: jozi ya chungwa na jozi ya kijani hubadilishana nafasi. Katika namna ya B, kichwa kikishikwa kilimi chake kikitazama chini, mfuatano kutoka kushoto ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Fundi hukata ganda kwa kulizungusha polepole, akijali wembe usiguse shaba. Hufungua msokoto kwa urefu mdogo, usiozidi milimita 13, hunyoosha kila waya kati ya dole gumba na kidole cha shahada mpaka uache kujikunja, huzipanga zikagusana bega kwa bega, kisha huzikata ncha zote kwa pigo moja. Zikiingia kichwani, hukiinua kwenye mwanga: ncha nane za shaba sharti zionekane zimefika mwisho, kama meno yaliyopangana, na ganda la nje liwe limeingia chini ya kibano. Hapo ndipo koleo hubanwa. Koleo likibanwa kabla ya jicho kuridhika, kichwa hicho ni cha kutupa.

Ajabu ya mfuatano huu ni kijani, kwa kuwa jozi yake imetenganishwa na kukaa nafasi ya 3 na ya 6, huku buluu ikiwa katikati. Sababu yake ni simu tena: nafasi mbili za kati ndizo zilizobeba laini ya kwanza ya simu, nazo zikaachiwa jozi ya buluu. Mtu asiyelijua hilo huona ni busara kupanga jozi kwa jozi, buluu na mwenzake, chungwa na mwenzake, ncha zote mbili zikafanana. Kipimo cha bei nafuu kitamwashia taa zote nane kwa mfuatano, kwa sababu kila waya umefika ulikotakiwa kufika. Lakini nafasi ya 3 na ya 6 sasa zina nyaya za jozi mbili tofauti, msokoto hauzilindi tena, na mtandao utakuwa mzito au utakatika ovyo pasipo sababu inayoonekana. Hakuna kosa gumu kulisaka kama hili, na tiba yake ni kuheshimu rangi tu.

Jozi hizo pia husema zinapoumia. Mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde, uliosanifiwa mwaka 1995, hutumia jozi mbili tu, ile ya chungwa na ile ya kijani. Ule wa gigabiti 1, wa mwaka 1999, hutumia zote nne. Kompyuta iliyokuwa ikipata gigabiti 1 ikishuka ghafla hadi 100, fundi mzoefu huanza kwa kuchunguza buluu na kahawia.

Ganda la nje lina historia fupi zaidi. Etheneti, yaani mtandao huu wa kebo, ilizaliwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, kwa kazi ya Robert Metcalfe na David Boggs, na kebo nene iliyofuata baadaye kwa kawaida ilikuwa ya njano. Ilichorwa alama kila baada ya mita 2.5, na alama hizo zilimwonyesha fundi mahali anaporuhusiwa kutoboa ili aunganishe kompyuta nyingine. Tangu mwanzo, basi, rangi juu ya kebo haikuwa pambo. Ilikuwa maelezo ya kazi yaliyoandikwa pale pale kazi inapofanyika.

Leo hakuna sheria inayomwambia mwenye nyumba achague rangi gani. Katika nyaya za umeme hali ni tofauti kabisa: nyumba za zamani za Afrika Mashariki zina nyekundu kwa waya wenye moto, nyeusi kwa niutro na kijani kwa ardhi, na nyumba mpya zina kahawia, buluu, na kijani chenye mistari ya njano. Kuchanganya hizo ni kuhatarisha uhai. Ganda la kebo ya mtandao halibadilishi chochote katika umeme unaopita ndani yake. Kebo nyekundu haina kasi kuliko ya buluu, na kebo ya kiwango cha Cat6 haina rangi yake rasmi. Kasi husomwa kwenye maandishi yaliyopigwa chapa juu ya ganda.

Wengi hugawa rangi kwa vyumba: sebule buluu, chumba cha watoto kijani. Mgawanyo huo hupendeza siku ya kwanza na kupotosha baada ya mwaka, kwani vyumba hubadilishwa matumizi, watoto huhama na meza ya kazi huhamia ukumbini. Afadhali rangi ifuate kazi ya kebo, na kazi yenyewe ipimwe kwa swali moja: mtu akiichomoa kebo hii, au akiichomeka pasipo pake, nini kitaharibika? Kwa kipimo hicho nyumba ya kawaida haihitaji rangi zaidi ya tatu au nne.

Kundi la kwanza ni kebo zinazobeba umeme pamoja na data, na hizo zinastahili nyekundu. Kamera nyingi za ulinzi hupata umeme wake kupitia kebo ileile ya mtandao, kwa utaratibu uliowekewa kiwango mwaka 2003 ukianzia na wati 15.4. Swichi ya mtandao inayofuata kiwango hicho hukipima kwanza kifaa kilicho upande wa pili, na haikipi umeme kisipouhitaji. Nyumba nyingi za mijini na pembezoni mwa miji, hata hivyo, hupata intaneti kwa antena iliyofungwa juu ya paa, na kisanduku kidogo cha umeme kilichoko ndani husukuma volti, mara nyingi 24, kwenye kebo bila kuuliza chochote. Kebo hiyo ikichomekwa kwenye kompyuta badala ya antena, tundu la kompyuta linaweza kuungua. Mgeni mwenye nia njema, anayetaka kusaidia mtandao ulipokwama, ndiye hasa anayeweza kufanya kosa hilo. Ganda jekundu humsimamisha mkono kabla hajauliza, na hapo rangi huwa imefanya kazi ambayo hakuna kifaa kingine ndani ya nyumba kingeifanya.

Kundi la pili lina kebo moja tu, nayo ni ile inayotoka kwenye kisanduku cha mtoa huduma kwenda kwenye ruta. Ikichomoka, nyumba nzima imezimika. Kijani huifaa. Njano ingependeza pia, ila penye faiba ni bora iachwe, kwa sababu kebo fupi za faiba za kioo kimoja chembamba kwa desturi huwa na ganda la njano, na mtu anayeambiwa kwa simu avute ile ya njano atashika kioo. Kebo nyingine zote, za runinga, kompyuta na vituo vya Wi-Fi, zibaki buluu. Mahali ambapo kebo hupita wazi juu ya ukuta mweupe wa sebule, nyeupe inaruhusiwa kwa heshima ya macho. Ukuta nao una haki yake.

Wapo watu, wanaume wengi kuliko wanawake, ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Katika nyumba ya mtu wa namna hiyo kijani kibadilishwe kwa nyeupe. Mwanga nao ni wa kufikiriwa, maana kebo huchaguliwa dukani mchana na kuhitajiwa usiku chini ya ngazi, kwa tochi ya simu iliyobanwa kati ya shingo na bega. Chini ya mwanga huo zambarau hufanana na buluu, chungwa hukaribia nyekundu, na nyeupe iliyokaa na vumbi haina tofauti na kijivu. Anayechagua rangi hana budi kuzitazama kwanza gizani kwa tochi, zote pamoja, kabla ya kulipa.

Nje ya nyumba hiari hukoma. Jua hulifanya ganda la kawaida la plastiki lipauke, likakamae, kisha lipasuke. Ganda la kebo ya nje ya nyumba huwa jeusi kwa sababu plastiki yake imechanganywa na masizi, na masizi huzuia mionzi isiile. Kebo hiyo nyeusi ikiwa inabeba umeme wa antena, hupewa utambulisho wake kwa utepe mwekundu katika ncha zote mbili.

Ununuzi una hesabu yake. Kebo ya kupitisha ndani ya kuta huuzwa kwa boksi la mita 305, na boksi moja ni rangi moja; si lazima kununua maboksi matatu kwa nyumba moja. Buluu au kijivu ipite ukutani yote, kisha tofauti ionyeshwe na kebo fupi zinazounganisha soketi za ukutani na vifaa, ambazo huuzwa moja moja kwa kila rangi. Kabla ya rangi, hata hivyo, sharti itazamwe shaba. Sokoni zipo kebo ambazo nyaya zake ni alumini iliyopakwa shaba juu. Hazikidhi kiwango, hukatika zikikunjwa, na hupata joto zaidi zikibeba umeme wa kamera. Uzi mmoja ukikwaruzwa kwa wembe, rangi ya fedha chini ya ngozi ya shaba hutoa jibu. Ganda zuri kuliko yote halifai kitu juu ya alumini, na kuuza kebo hiyo kwa jina la shaba ni wizi.

Rangi hutaja ukoo wa kebo lakini haitaji jina lake. Kebo tano za buluu zikikaa bega kwa bega kwenye swichi hazina tofauti, kwa hiyo kila moja hupewa namba kwenye ncha zote mbili, ileile huku na kule, sentimita chache kutoka kichwani ili isomeke bila kuchomoa. Ndani ya mlango wa kabati hubandikwa karatasi moja: rangi na maana yake, namba na chumba chake, na tarehe ya kazi. Chini ya karatasi hiyo, kwenye msumari, huning'inia kebo moja ya akiba ya kila rangi, iliyozungushwa kwa duara pana kiasi cha kiganja, kwani nusu ya upana wa mkunjo haitakiwi kupungua mara nne ya unene wa kebo, na kufungwa kwa kitambaa cha kunata badala ya plastiki inayobana.