Princeton: Stesheni Iliyosogezwa Mara Mbili

Mji wa Princeton, jimbo la New Jersey nchini Marekani, unajulikana kwa chuo kikuu chake, lakini njia kuu ya reli haipiti hapo. Reli ya mwaka 1839 ilifuata mfereji wa Delaware na Raritan, chini ya mji. Miaka ya 1860 kampuni ya reli ikainyoosha njia ili treni ziende kasi, na mji ukabaki kando. Dawa ikawa tawi fupi lililofunguliwa 1865, kilomita 4.3 tu kutoka Princeton Junction. Treni ni moja, inakwenda na kurudi juu ya njia moja, kwa hiyo hapahitajiki mahali pa kupishana. Safari ni kama dakika tano. Wenyeji huiita Dinky, na wepesi huo ndio ulioiweka hai hadi karne hii.

Kilichohamahama ni mwisho wa reli. Zamani treni ilifika hadi chini ya Blair Hall, jengo la 1897 lililotolewa na John Insley Blair, tajiri wa reli. Abiria alishuka, akapanda ngazi pana, akapita chini ya upinde wa mawe, na tayari yuko chuoni. Sijui lango lingine la chuo lililomheshimu msafiri namna hiyo. Kufikia 1918 stesheni ikasogezwa kusini, na chuo kikapata ardhi ya kujenga mabweni. Ngazi zipo hadi leo, reli haipo.

Hatua ya pili ilianzia kwenye karatasi. Mwaka 1984 shirika la umma la usafiri la NJ Transit lilikiuzia chuo stesheni pamoja na ardhi yake. Treni ziliendelea kama kawaida, abiria hakuona tofauti yoyote. Lakini mkataba ulikuwa na kifungu kilichokiruhusu chuo kuusogeza mwisho wa reli kusini zaidi. Chuo kilipotaka majengo ya sanaa na barabara ya kuingilia maegesho, kifungu kikafanya kazi yake. Reli ilikatwa 2013, na Novemba 2014 stesheni mpya iliyosanifiwa na Rick Joy ikafunguliwa, mita 140 hivi kutoka ile ya zamani.

Kwenye ramani, mita 140 si kitu. Kwa miguu ni karibu dakika mbili, tena kwa kupanda mlima ukielekea mjini, na treni yenyewe ni ya dakika tano. Tawi la namna hii linaishi kwa kuokoa dakika. Ukiziongeza upande wa miguu, unampa abiria sababu ya kuchukua gari.

Wakazi waliopinga kusogezwa huko walikwenda mahakamani wakashindwa. Walichelewa: uamuzi ulikwisha kutiwa sahihi 1984, na aliyetia sahihi upande wa muuzaji ni shirika la umma lililopaswa kumtetea abiria.